Kokoto Ngapi?

Najua mnanidai. Niliahidi nikirudi kutoka BTP nitamwaga stori zote, halafu hii wiki ya pili niko hapa kampasi na sijaandika hata mstari. Visingizio ninavyo: bumu halijatoka, chumbani tumebebana watu wanne, na jamaa wa kitanda cha juu anakoroma kama tipa limebeba mzigo linapanda kilima. Lakini sababu ya kweli ni kwamba stori ninayotaka kuisimulia hainipambi. Basi bwana, leo nimeamua kuitapika.

Nilipangiwa Lugoba. Kwa wale mnaojua Dar na kwenu tu: unashika barabara ya Morogoro mpaka Chalinze, unakata kulia kama mtu anayekwenda Tanga au Arusha, unapita Msoga, mbele kidogo ndiyo Lugoba yenyewe, kabla hujafika njia panda ya Msata inayokupeleka Bagamoyo. Ukiona miti pembeni ya barabara imepakwa unga mweupe kama imetoka mashineni, umefika. Ule si unga, ni vumbi la mawe. Lugoba ni kokoto. Ghorofa nyingi mnazozishangaa Dar zina kipande cha Lugoba ndani yake. Matipa yanapishana mchana na usiku, na ukilala siku ya kwanza unadhani kuna tetemeko. Siku ya tatu unazoea. Siku ya kumi, tipa lisipopita unashindwa kulala.

Shule siitaji, waungwana wale walinipokea vizuri na hawana kosa lolote katika haya. Nikakabidhiwa Kiingereza kidato cha pili. Mnajua wenyewe dogo wa kidato cha pili alivyo: msingi yote kasoma kwa Kiswahili, kufika kidato cha kwanza anageuziwa kibao, karibu kila somo ung'eng'e, na mwisho wa mwaka wa pili mtihani wa taifa unamsubiri. Yuko katikati ya mto, wewe ndiye unaambiwa umfundishe kuogelea.

Wiki ya pili nikawapa insha, kichwa cha habari ni familia yangu. Usiku nikakaa na madaftari na kalamu nyekundu. Nakiri nilijisikia. Ile kalamu nyekundu ina ulevi wake, mtu asiwadanganye. Miaka mingapi tumekuwa upande wa pili wa ile kalamu?

Nikafika kwenye daftari la binti mmoja ambaye darasani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, hata kabla swali halijaisha. Kaandika ukurasa mzima. Kaandika kwamba mama yake "breaks gravels" pembeni ya barabara. Kwamba asubuhi akimuaga kwenda shule mama humpa "many advices". Kwamba nyumbani hawana "many furnitures", ila jioni majirani huja na "informations" za matipa yapi yananunua na yapi hayanunui. Kwamba mama yake ana "beautiful hairs" ila vumbi limeingia. Na kwamba siku akipata "many moneys" atanunua "equipments" aachane na nyundo.

Unaona hesabu hiyo? Saba. Duara saba nyekundu. Chini nikaandika UNCOUNTABLE!!! kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao, nikampa sita kwa ishirini, nikalifunga daftari nikachukua linalofuata.

Haikuishia hapo. Kesho yake darasani nikayaandika yale maneno saba ubaoni, sikumtaja jina, lakini shule ndogo bwana, kila mtu kajua ni za nani. Darasa likacheka. Na mimi nikatabasamu. Dogo mmoja wa nyuma, mbishi mbishi, akasimama: "Mwalimu, furniture haihesabiki vipi? Mbona humu viti naviona na naweza kuvihesabu?" Nikamjibu jibu la kishujaa kabisa: ndivyo Kiingereza kilivyo, kariri.

Yule binti hakunyoosha mkono siku ile. Wala kesho yake. Wala wiki iliyofuata.

Sasa hapa ndipo ninapopata aibu, maana mimi ule ukimya naujua. Mwaka wa kwanza, kwenye semina, nilisimama kuwasilisha kazi ya kundi letu nikasema "according to these informations". Mtu mmoja nyuma akarudia, "informationzzz", kwa zile zeta za kuvuta, na chumba kizima kikaanguka. Nilimaliza kusoma karatasi sijui kwa sauti ya nani. Semista ile sikufungua mdomo tena kwenye semina yoyote, na alama za ushiriki nikazikosa zote. Nilijiapiza sitamcheka mtu kwa kimombo maisha yangu. Halafu napewa kalamu nyekundu kwa wiki mbili tu, tazama.

Jumamosi nikatoka kununua vocha, nikatembea mpaka barabarani. Chini ya mwembe kulikuwa na akina mama watatu wanagonga mawe kwa nyundo, wamefunga khanga puani kukinga vumbi. Mmoja akaniamkua kwa heshima iliyonizidi umri: "Karibu mwalimu." Ndiye mama mtu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananipangusia jiwe la kukalia. Hakusema chochote kuhusu daftari, sijui kama aliambiwa. Akasema tu kwamba mwanawe anapenda sana somo langu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa kukosa la kusema nikauliza swali la kijinga: "Mama, kwa siku mnatoa kokoto ngapi?"

Wale wamama wakatazamana, wakacheka mpaka nyundo zikawekwa chini. "Kokoto ngapi! Mwalimu, nani anahesabu kokoto? Uliza debe ngapi."

Jamani. Mimi mtu wa lugha, mwaka wa tatu, nimesoma isimu mpaka nikaota mashina ya vitenzi, nimekuja kufundishwa nomino zisizohesabika chini ya mwembe Lugoba. Kokoto unaweza kuihesabu moja moja ukiwa huna kazi. Lakini kwenye biashara yake haihesabiki, inapimwa. Debe, ndoo, karai, toroli, tripu ya tipa. Kinachohesabika ni chombo. Na hicho ndicho Kiingereza kinachofanya kwenye "advice", kinakulazimisha utafute debe lake kwanza: "a piece of advice". Sabuni, "a bar of soap", na sisi tunasema mche wa sabuni. Mchele, punje. Maji, tone. Ugali, tonge. Babu zetu huku pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na hakuna aliyesema nipe michele minne.

Usiku ule sikulala, na si kwa ajili ya matipa. Nilikuwa najaribu kujibu swali la yule dogo mbishi kama mtu mzima. Jibu la haraka tulilofundishwa ni kwamba Kiswahili ndicho kinatuharibia: sisi tuna "ingi" moja kwa kila kitu, watu wengi, maji mengi, kwa hiyo tunachanganya "much" na "many". Kweli, lakini nusu. Maana geuza upande wa pili. Watu wachache, sawa. Maji machache? Hapana! Maji kidogo. Viti vichache, lakini sukari kidogo. Vitabu vichache, chumvi kidogo. Hakuna aliyetufundisha shuleni, hakuna aliyetuchapa, na hatukosei (ukimsikia mtu anasema chumvi chache, mwulize katokea wapi). Kumbe tofauti ya kinachohesabika na kisichohesabika tunayo ndani ya damu, tumeiweka tu kwenye uchache badala ya wingi. Na kwenye kuuliza pia: watu wangapi, maji kiasi gani.

Nikaanza kupitisha yale maneno saba kwenye kipimo hicho, peke yangu, kwa tochi ya simu. Ushauri mchache? Hapana, ushauri kidogo. Kumbe "advice" tunakubaliana na Mwingereza kabisa, ushauri hata wingi hauna, ule ni uzembe wetu tu. Pesa? Pesa kidogo, tunakubaliana. Kokoto? Kokoto kidogo, tunakubaliana, akina mama wametoa hukumu. Halafu yakaja yanayogoma. Vifaa vichache. Samani chache. Nywele chache, na sisi tuna mpaka unywele mmoja. Taarifa chache. Hapo Kiswahili kinasema hesabu na Kiingereza kinasema usihesabu. Ongeza mizigo kwa "luggage", mikate kwa "bread", mahindi kwa "maize", tafiti kwa "research". Hayo hayana ujanja, kwa sababu ni Kiingereza kilichoamua kuvitazama vitu kama rundo. Kiti kinahesabika, meza inahesabika, ukiviweka pamoja ukaviita "furniture" vinageuka uji. Sarafu inahesabika, "money" haihesabiki. Sanduku linahesabika, "luggage" haihesabiki. "Suggestion" inahesabika na "advice" haihesabiki, na zote mbili ni mtu mzima anakwambia cha kufanya!

Kwa hiyo yule dogo alikuwa sahihi. Viti anaviona na anaweza kuvihesabu. Hakuna kitu kwenye viti vyenyewe kinachomzuia. Tatizo liko kwenye neno, haliko kwenye kitu. Otto Jespersen, yule Mdenmark aliyekijua Kiingereza kuliko Waingereza wengi, aliyagawa maneno hivi kwenye kitabu chake cha 1924, The Philosophy of Grammar: ya kuhesabika upande huu, ya rundo upande ule. Mimi nilimdesa kwa ajili ya UE nikamsahau siku ya pili.

Na sikilizeni hili, maana lilinifurahisha peke yangu. Bagamoyo, hapo hapo ng'ambo ya Msata, misheni ya kwanza iliyofunguliwa 1868 ilikuwa ya mapadre Wafaransa. Mmoja wao, Charles Sacleux, alikaa huku pwani akikusanya maneno yetu, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka Paris kati ya 1939 na 1941. Sasa Kifaransa "informations" ni sahihi kabisa, kwa wingi. Ushauri wanasema "conseils", wingi. Samani "meubles", wingi. Mizigo "bagages", wingi. Mjerumani naye, aliyeifanya Bagamoyo makao yake makuu kabla hajahamia Dar 1891, anasema "Informationen" na "Möbel", wingi vilevile. Yaani ni kwa vile tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia tulikabidhiwa kwa Mwingereza ndiyo maana yule binti amepata sita kwa ishirini. Angefundishwa na padre Sacleux, duara tatu nne zingeyeyuka.

Wala hatuko peke yetu. "Furnitures", "equipments", "advices" utazikuta Nairobi na Kampala, utazikuta India, utazikuta Nigeria. Wataalamu wa Kiingereza cha Afrika kama Josef Schmied wameziandika kwenye vitabu vyao bila kumcheka mtu. Tena Kiingereza chenyewe hakijatulia. Njegere zamani waliziita "pease", neno moja tu, ilikuwa kama kusema unga. Watu wakaisikia ile s ya mwisho wakadhani ni wingi, wakaikata, karne ya 17 hiyo, wakapata "pea" moja. Mnacheka? Sisi tumechukua "mudguard" tukasikia ma- ya wingi, tukapata digadi moja, madigadi mawili. "Keep left" tukaifanya kipilefti, vipilefti. Ugonjwa ule ule. Na "email" ilipoanza wengi waliiona haihesabiki, kama "mail" yenyewe, leo hii nani hasemi "emails"?

Lakini msinielewe vibaya, wale wa "lugha inabadilika, acheni watu". Mimi sikubaliani. Yule binti mwisho wa mwaka atakutana na msahihishaji asiyemjua, hajui mama yake, hajakaa chini ya mwembe. Ataona "furnitures" atakata. Halafu kuna kidato cha nne, halafu kuna usaili wa kazi. Kumwambia "usijali ndivyo tunavyosema Afrika Mashariki" ni kumdanganya mtoto wa watu ili mimi nijisikie mwema. Anatakiwa ayajue, na ayajue vizuri. Swali ni kama lazima kwanza nimvunje.

Jumatatu nikaingia darasani bila kitabu. Nikawaambia nimekosea, lile swali la viti sikulijibu. Nikaandika ubaoni: chumvi chache. Kicheko! Maji machache. Kicheko. Wakaanza wenyewe, mchanga mchache, moshi mchache, wakawa wanapigana kutafuta la kuchekesha zaidi. Nikawaambia basi hiyo ndiyo "uncountable", mmeijua tangu mnanyonya. Tukapitisha maneno, yanayokubaliana upande mmoja wa ubao, yanayogoma upande mwingine, na yanayogoma tukasema haya hayana sababu, haya ndiyo ya kukariri, si mengi, ukiwa na kumi na tano kichwani unaishi. Tukayatafutia kila moja debe lake. Mbishi wa nyuma akauliza kama mtu akiagiza chai mbili kwa mama lishe anakosea. Nikasema hakosei, na Mwingereza naye husema "two coffees" akimaanisha vikombe, akikaa hotelini sheria anailegeza. Akaridhika, akakaa. Huyo atakuwa wakili.

Katikati ya kelele ile nikaona mkono. Hakuuliza kuhusu furniture. Aliuliza hivi, kwa Kiingereza, polepole, anachagua neno kama mtu anavuka mto kwa mawe: kwa nini "vegetables" inahesabika, na "fruit" mara nyingi hawaweki s, wakati sokoni vimekaa meza moja?

Sikuwa na jibu. Nikamwambia sina. Akaandika kitu kwenye daftari, sijui nini.

Wiki ya mwisho nikaliomba lile daftari nikaisoma insha upya, safari hii bila kalamu. Wadau, ilikuwa insha nzuri kuliko zote arobaini na kitu nilizosahihisha. Wengine wote wameandika baba yangu ni mkulima, ana mashamba makubwa, tunaishi kwa furaha. Yeye peke yake ndiye aliyeniambia kitu. Ile ya vumbi kuingia nywele mimi siwezi kuiandika. Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma kuomba nibadilishe alama. Mzee wa watu alinisikiliza vizuri tu, akafungua rejista akanionyesha: zimeshaingizwa, kwa kalamu ya wino, na za darasa zima zimeshajumlishwa. Akasema mwanangu, ungekuja mapema. Sita kwa ishirini, kwa mwandiko wangu mwenyewe, iko pale mpaka leo. Nilichoweza ni kuandika chini ya zile alama tatu za mshangao, kwa kalamu ya bluu, kwa Kiswahili, kwamba insha hii ni nzuri na aendelee kuandika habari za mama yake. Kama aliisoma sijui, niliondoka Ijumaa na basi la asubuhi.

Nimerudi kampasi nikidhani nimepona. Juzi msimamizi wangu karudisha proposo yangu. Ukurasa wa tatu, duara jekundu, safi kabisa kama limechorwa kwa sahani: "evidences". Nilicheka peke yangu mpaka jamaa wa kitanda cha juu akaamka kuuliza kulikoni.

Haya, naona watu wameanza kutelemka na sahani, ngoja niwahi foleni. Siku hizi ukichelewa dakika kumi tu unakuta wali kidogo na maharage machache.